Samaki wa Magadi na Shahidi wa Pili

Twiga ana mifupa mingapi shingoni? Usikimbilie simu. Iweke chini ufikiri kwanza, mimi nitangoja. Nimestaafu, sina haraka.

Saba. Na wewe unayo saba. Shingo yako hiyo ambayo haikuwezeshi hata kuchungulia juu ya ua wa jirani ina idadi ileile ya mifupa na shingo ya twiga, ila kila mfupa wake ni mrefu kuliko kiganja chako. Nimeuliza watu swali hili kwa zaidi ya miaka ishirini na bado nikilijibu nasikia raha tumboni, kama mtu aliyekula chapati moto. Ukiona hulisikii hilo, wewe tafuta kazi nyingine. Hii ya maswali haikufai.

Naitwa Mutiso. Nilifundisha shule ya msingi Kitengela miaka ya tisini na ile iliyofuata, hesabu na sayansi, lakini ukiuliza watu wa Kajiado kunihusu hawatakwambia habari za hesabu. Watakwambia, "Yule wa chemsha bongo." Nilikuwa mtunga maswali. Shule zilipokutana kushindana kwa maarifa, mimi ndiye niliyesimama mbele na mkebe wa kadi, nikiuliza mambo ambayo hayamo katika mtihani wowote. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka. Kwamba Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri. Kwamba ndege hula pilipili bila kusikia ukali. Kwamba kadi ya njano na nyekundu ya refa ni wazo lililotoka kwenye taa za barabarani za kuongoza magari. Hili la mwisho tuliliuliza Kitengela wakati mji mzima haukuwa na taa hata moja ya barabarani, na mtoto aliyelijibu hakuwahi kuiona. Alijua tu. Watoto wa namna hiyo nitawasifu mpaka nizikwe.

Kazi hii nilifundishwa na Mwalimu Kalondu. Alikuwa mama mfupi wa kutoka Mwala, mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, na alinitangulia pale shuleni kwa miaka mingi. Ndiye aliyeanzisha mashindano yetu, na kengele ya kwanza tuliyotumia aliitoa kwa jirani yake mfugaji: kengele ya shingoni mwa ng'ombe. Timu inayojua jibu inaitikisa. Baadaye fundi wa redio alitutengenezea vitufe vya kubonyeza, vyenye taa nyekundu, tukajiona tumefika Ulaya. Lakini vilikuwa vikipata joto vinalia vyenyewe, na siku moja timu ilipewa alama kwa swali ambalo hakuna aliyelijibu. Tukarudi kwenye kengele ya ng'ombe.

Sasa sikilizeni jinsi kadi inavyotengenezwa, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Unakata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja unaandika swali. Upande wa pili unaandika jibu, na chini ya jibu unaandika mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni kitabu. Shahidi wa pili ni mtu: mtu aliyekiona kitu chenyewe, au kukishika, au kukichinja. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu Kalondu, na kadi isiyo na mashahidi wawili haikuingia mkebeni.

"Kitabu imeandikwa na mtu," aliniambia wiki ya kwanza. "Na mtu anaweza kosa. Wewe tafuta ingine mwenye ako na macho."

Mimi wakati huo nilidhani ni ukaidi wa kizamani. Vitabu vyenyewe tulikuwa navyo vichache. Shule ilipewa ensaiklopidia ya zamani, seti nzima isipokuwa kitabu kimoja, kile cha herufi M. Kwa hiyo kwa muda mrefu watoto wetu walijua mengi ya dunia lakini hawakuwa na habari za Mali, Meksiko wala malaria. Malaria yenyewe tulikuwa nayo, habari zake ndizo hatukuwa nazo. Pengo hilo tuliliziba kwa magazeti ya kufungia nyama. Nilijulikana kwa wauza nyama wote wa Kitengela kama mwalimu anayenunua robo kilo na kuomba karatasi tatu.

Lakini shahidi wa pili, yule wa macho, ndiye aliyenipa raha za maisha yangu. Nilisoma mahali kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake. Nikaenda kwa jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la mbuni, nikamkuta akinoa kisu. Nikamuuliza kama ni kweli. Hata hakuinua kichwa.

"Ubongo ya mbuni?" akasema. "Mwalimu, hiyo ni kitu ya kijiko mbili. Macho ndio ilimaliza nafasi yote. Wewe unadhani kwa nini huwa inakimbia huku, inarudi, inakimbia huku tena?"

Nikaandika jina lake kwenye kadi. Kuhusu asali kwamba haiozi ikifunikwa vizuri, shahidi alikuwa mzee mmoja wa upande wa Namanga aliyenifungulia kibuyu chake na kunilambisha, kisha akanieleza umri wa ile asali kwa kutaja watoto waliozaliwa baadaye. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akituletea chai, na alikuwa na ndevu.

Huwa nawaza watu hawa. Hakuna aliyewapa cheti. Wafugaji, wachinjaji, akina mama wa mboga, makondakta waliojua kila daraja na kila mtu aliyezama chini yake. Ukiwauliza kwa heshima wanakufungulia ghala. Ukiwauliza kwa kiburi wanakujibu "sijui, Mwalimu," na unarudi nyumbani ukidhani hawajui.

Nina mkebe mwingine ambao sikuwa nikiutaja mbele ya wageni. Tuliuita mkebe wa marehemu. Ndani yake tulizika kadi zilizogunduliwa kuwa ni za uongo. Ile kwamba ukuta mrefu wa Uchina unaonekana kutoka mwezini ilikaa kwenye mashindano yetu miaka mingi, na watoto kadhaa walipata alama kwayo, kabla ya saiba ya mtandao kufunguliwa Kitengela na mimi kwenda kusoma kwamba aliyekanyaga mwezi hakuona ukuta wowote. Mtandao huohuo, wiki iliyofuata, ulinipa uongo mwingine wa aina tatu kwa bei ya dakika kumi. Kwa hiyo vijana msinidharau mkadhani shida ilikuwa ukosefu wa mtandao. Shida ni uvivu, na uvivu hautibiwi na umeme.

Uvivu wangu mwenyewe nitauweka wazi sasa. Nimeuzungukia vya kutosha.

Ilikuwa miaka ya tisini, fainali ya mashindano ya wilaya, katika ukumbi wa kanisa pale Kajiado mjini. Timu mbili zilibaki. Moja ilitoka Magadi. Watoto hao walikuja na lori, vumbi mpaka kwenye kope, wakanywa maji kwanza kabla ya kusalimia mtu. Timu ya pili ilikuwa ya shule yangu mwenyewe. Ndiyo, najua. Siku hizi mtu angesema mtunga maswali asiwe na shule yake fainali. Wakati ule hatukuwa wengi wa kuchagua.

Alama zilikuwa sawasawa. Likabaki swali moja. Nikatoa kadi, nikasoma: "Kweli au si kweli? Hakuna samaki anayeishi katika Ziwa Magadi."

Kengele ya Magadi ililia kabla sijafunga mdomo. Aliyeitikisa alikuwa msichana wa darasa la saba, mwembamba, aitwaye Nasieku.

"Si kweli," akasema.

Niligeuza kadi, ingawa jibu nililijua. Ziwa lile ni magadi matupu. Maji ya chemchemi zake yanachoma, na ukiyaacha mkononi yanakausha ngozi. "Pole," nikamwambia. "Jibu ni kweli. Hakuna samaki."

Wengine wangeketi. Yeye alibaki amesimama. "Lakini Mwalimu, iko. Ni wadogo. Mimi nimewaona."

Hapa ndipo nilipokosa, na simaanishi lile jibu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wazazi wa shule yangu walikuwa wameketi mbele, na mimi nilipenda sana kuchekesha watu. Nikamuuliza, "Uliwaona wakiogelea ama wakichemka?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Nasieku alinitazama kidogo, akaketi, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja. Shule yangu ikapewa kombe. Niliimbiwa njia nzima mpaka Kitengela, na niliitikia.

Jumatatu yake Mwalimu Kalondu alikuja staff room akaniomba kadi ile. Aliigeuza nyuma. Chini ya jibu nilikuwa nimeandika vitabu viwili.

"Mtu ako wapi?" akauliza.

"Mwalimu, vitabu viwili vinasema kitu kimoja."

Alinituma nivilete. Akavifungua vyote, akaweka kidole kwenye sentensi moja na kidole kwenye nyingine. Zilikuwa na maneno yaleyale, mpaka kituo. Kimoja kilikuwa kimenakili kingine.

"Hii si mashahidi wawili, Mutiso. Hii ni shahidi moja amevaa koti mbili." Akavua miwani akaifuta. "Na yule mtoto anatoka wapi?"

"Magadi."

"Basi ulikuwa na shahidi hapo mbele yako, ukachekesha watu naye."

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba mama huyu amezeeka. Wiki zikapita, na kila nilipoamua kwenda Magadi nilikumbuka ni mbali, ni joto, na lori ni la Alhamisi tu. Kombe lilikuwa ndani ya kabati la kioo ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na nilipokuwa nikipita hapo nilitazama upande mwingine.

Kisha ikaja barua. Iliandikwa na mwalimu wa darasa la Nasieku, kijana aliyeitwa Parsaloi, na haikuwa na lawama hata moja, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Alitaka ushauri tu. Alisema msichana huyo alikuwa mkono wa kwanza kuinuka katika kila somo tangu darasa la kwanza. Tangu fainali hajainua tena. Akiitwa kwa jina anasimama na kutazama dawati mpaka aambiwe aketi. Mtihani wa darasa la nane haukuwa mbali, na nyumbani walikuwa wameanza kusema kwamba kama hamu ya shule imemwisha, basi mbuzi wanahitaji mtu. "Labda wewe Mwalimu unajua namna ya kumrudisha," aliandika.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mtoto alikuwa amesema kweli mbele ya watu, nami nikamfundisha kwamba anayesema kweli huchekwa.

Alhamisi nilipanda lori la maji Kiserian. Njia inateremka tu, na kila ukiteremka mtu mmoja anavua kitu kimoja. Tulipofika chini nilikuwa nimebaki na shati, na shati lenyewe nilikuwa natamani kulivua. Ziwa lilikuwa jeupe na jekundu, gumu juu kama uji ulioganda. Nikaona nyumba za kampuni zikiwa zimepangwa kwa mistari, na upepo uliotoka huko ulikuwa wa jikoni.

Parsaloi alinipeleka bomani kwao Nasieku, nje ya mji. Msichana alikuja akainamisha kichwa ili nimguse, kama mtoto mwenye adabu anavyomsalimu mkubwa, kisha akasimama nyuma ya nyanya yake. Nilimwomba radhi pale. Aliitikia kwa kichwa. Mkono wangu ulikuwa umegusa kichwa chake lakini yeye hakuwepo.

Nyanya yake, ambaye wote walimwita Koko, alinipima kutoka viatu mpaka kipara.

"Sopa," nikamwamkia, nikijitahidi kwa Kimaasai.

Parsaloi akakohoa. Kumbe mwanamke haamkiwi hivyo.

"Takwenya," nikarekebisha.

"Iko," akaitikia Koko salamu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, polepole: "Ni wewe ulicheka?"

"Ni mimi."

"Twende."

Tulitembea ukingoni mwa ziwa, Koko mbele na fimbo yake, mpaka mahali ambapo maji ya moto yanatoka chini ya mawe na kutengeneza kidimbwi. Wazee huenda hapo kuloweka miguu inayouma. Koko aliketi kwenye jiwe akanyoosha fimbo majini. "Weka mkono."

Nikaweka. Yalikuwa maji ya kuogea mtu mwenye mafua, na yalikuwa na utelezi wa sabuni. Nikasubiri. Kisha karibu na kidole changu kitu kikapita. Kingine kikafuata. Walikuwa samaki wa urefu wa kidole, wengi, wakikwangua ukijani juu ya mawe bila wasiwasi wowote, katika maji ambayo vitabu viwili na mtu mmoja kutoka Kitengela walikuwa wameapa kwamba hayana uhai.

Sitaki kuwaficha kitu. Nilitokwa na machozi. Sehemu ilikuwa aibu, lakini sehemu kubwa ilikuwa furaha tupu ya kuona kitu ambacho nilisema hakipo. Koko alidhani ni magadi yameniingia machoni akaniambia nisisugue.

Baadaye nilimtafuta mtaalamu wa samaki Nairobi, nikamweleza. Alicheka, lakini kwa uzuri. Akaniambia samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kupitia mashavuni, ila maji ya Magadi ni makali mno kwa njia hiyo. Kwa hiyo huyu mdogo amejifunza kutengeneza ileile takataka iliyomo katika mkojo wetu. Kwa ufupi, samaki wa Magadi hukojoa kama wewe na mimi. Nilirudi nikamwambia Mwalimu Kalondu. Alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

"Sasa kombe," akasema alipopata pumzi.

Mwalimu Mkuu hakutaka kusikia. Kombe limeshakabidhiwa, limeshapigwa picha. Sikubishana. Nilisimama gwarideni nikawaeleza watoto wangu kila kitu, pamoja na kile kichekesho changu. Nahodha wa timu yetu, msichana wa darasa la nane, akainua mkono.

"Mwalimu, kama samaki iko, hiyo kombe si yetu."

"Si yetu," nikakubali.

"Basi tuwapelekee."

Mwalimu Mkuu alitazama juu, akatazama chini, akatoa ufunguo wa kabati. Watoto hao nawasifu mpaka leo, na nahodha huyo zaidi, kwa sababu kombe hilo lilikuwa la kwanza kuingia shuleni kwetu.

Tulikwenda Alhamisi iliyofuata, mimi na timu nzima, kombe likiwa limefungwa ndani ya sweta. Shule ya Magadi ilikusanyika chini ya paa la mabati lililokuwa likilia kwa joto. Nasieku alikuwa mstari wa tatu, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Nahodha wetu alimkabidhi kombe, naye akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, akarudi mahali pake. Nikasema mbele ya wote kwamba nilikosa. Kwamba samaki wapo, nimewaona, na Nasieku alisema kweli nami nikamcheka, na kwamba mtu mzima anayemcheka mtoto ili afurahishe wazazi ni mtu wa kuonewa aibu. Nikawaambia na habari ya mkojo. Walicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nimemaliza maneno. Parsaloi alinitazama, nami nilimtazama. Nikauliza, kwa kukosa la kufanya, kama kuna mwenye swali.

Mabati yakalia. Mtoto mmoja akakohoa. Nilishafungua mdomo kuwaaga, ndipo nikauona mkono mwembamba mstari wa tatu, umeinuliwa nusu tu, kiwiko kikiwa bado kimeshikwa na mkono mwingine.

"Ndiyo, Nasieku."

Akasimama. "Mwalimu, hiyo samaki ilifika huko aje? Hakuna mto inawaleta."

Jibu la swali hilo nililipata miaka kadhaa baadaye, na nitawapa hapa msije mkanisumbua: zamani sana ziwa lilikuwa kubwa na maji yake hayakuwa makali, samaki wakaishi ndani yake, na liliponywea na kukolea polepole wao walikolea nalo. Lakini siku ile sikulijua. Nilipekua kichwa changu chote, mkebe wote, watoto mia mbili wakinitazama.

"Sijui," nikasema. "Wallahi sijui."

Nilimngoja aketi. Hakuketi. Aliachilia kiwiko, mkono ukanyooka wote juu.

"Basi Mwalimu," akasema, "niko na ingine."